Chagos iko mbali sawa, ila joto linafika

Kila nikionyesha watu picha za miamba ya matumbawe ya visiwa vya Chagos lazima mtu aseme "kule hakuna wavuvi wala hoteli, matumbawe yako salama". Jamani, hapana. Uvuvi wa biashara ulipigwa marufuku kule 2010, kilomita za mraba kama 640,000 katikati ya Bahari ya Hindi, lakini joto la 1998 lilishaua matumbawe mengi mno, yakachukua zaidi ya miaka kumi kurudi, na marufuku ikiwepo kabisa joto likapiga tena 2015 na 2016 mfululizo, matumbawe ya jamii ya Acropora yakateketea, yakabaki ya jamii ya Porites, magumu magumu. Maji yakizidi joto la juu la kiangazi kwa digrii moja tu na yakakaa hivyo wiki kadhaa, tumbawe linafukuza vile vimwani vinavyoishi ndani yake na kubaki jeupe, na vimwani hivyo ndo vinalipatia chakula kingi. Sasa mlinzi wa doria atazuia nini hapo? Kufunga uvuvi kunasaidia, natetea kila siku, samaki aina ya pono wakiwa wengi wanakwangua mwani na matumbawe machanga yanapata pa kushika. Lakini hiyo inasaidia kupona, haizuii kuumia, tafadhali msichanganye. Na hilo la "hakuna watu" tuwe na adabu nalo, Wachagosi walikuwepo, waliondolewa kwa lazima kati ya 1968 na 1973.

Eti tumbawe jeupe limekufa. Bado! Sogea karibu uangalie, kama nyama yake ipo utaiona laini, inapitisha mwanga, na weupe ule ni mifupa ya chokaa chini yake, maji yakipoa mapema linaweza kurudi. Lililokufa halikai jeupe muda mrefu, mwani unalifunika.

Na wanaosema panya wa visiwani hawahusiani na bahari, hawa nao! Panya waliingia na meli, wanakula mayai na makinda ya ndege. Kisiwa kisicho na panya kina ndege wengi mno, wanakula samaki mbali huko baharini wanarudi kunya kisiwani, mvua inashusha naitrojeni ya kinyesi hicho, mbolea hiyo, mpaka kwenye mwamba. Utafiti wa Chagos uliotoka 2018 ulikuta uzito wa samaki kwenye miamba ya visiwa visivyo na panya umezidi ule wa visiwa vyenye panya kwa asilimia 48. Kwa hiyo mwenye hela ya mradi akiniuliza aanze na nini namwambia panya, na inawezekana, kwenye kisiwa cha Île Vache Marine, hukohuko Chagos, walishaondolewa 2014.