Je, wajua kwa nini mafuta ya nazi huganda?

Chupa ya mafuta ya nazi hutoka Tanga ikiwa angavu kama maji. Ikifika Njombe mwezi wa Juni, imeganda, nyeupe kama mshumaa, na aliyeipokea anaapa kwamba ametapeliwa. Wala hajatapeliwa. Mafuta haya huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi. Baridi ikizidi hapo, hugeuka.

Karibu sehemu tisa kati ya kumi za mafuta ya nazi ni asidi za mafuta zilizoshiba, yaani zilizojaa hidrojeni, na takriban nusu ya mafuta yote ni mojawapo ya hizo, asidi ya lauriki. Molekuli zake ni fupi na zimenyooka, hivyo zikipoa hujipanga kama njiti ndani ya kiberiti. Molekuli nyingi za mafuta ya alizeti zina kona, hazipangiki, ndiyo maana chupa ya alizeti kwenye kabati lilelile haigandi. Wapo wanaopima usafi wa mafuta ya nazi kwa kuganda. Mimi kipimo hicho sikiamini: mawese nayo huganda.

Ufupi huohuo huyasaidia kupenya ndani ya unywele badala ya kung'aa juu tu. Ukiyapaka kabla ya kuosha kichwa, protini inayopotea kwenye nywele hupungua. Tena hayachachi upesi, mradi mpishi amekausha maji yote. Wapishi wa pwani hujua kwa sikio: tui likichemka hutatarika sufuriani, na mlio ukififia, mafuta yamejitenga na masalia ya kahawia yamekaa chini.

Kazi inayosahaulika ni kubeba manukato makali. Mafuta ya karafuu, kama yanayotolewa kwa mvuke kwenye makonyo (vijiti vinavyoshika karafuu) kule Pemba, huunguza ngozi yakipakwa matupu. Kuyatia majini hakusaidii, huzama chini yakakaa peke yake. Kwenye mafuta ya nazi huyeyuka na kutulia: tone moja kwa kijiko kikubwa latosha kuchulia mgongo. Mtoto mchanga asipakwe mchanganyiko huo. Na mwenye chunusi, hata ya nazi matupu asiyapake usoni, huziba vinyweleo.

Ile chupa ya Njombe haihitaji jiko. Itie kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, baada ya dakika chache mafuta yatamiminika.