Kipaji Hakitoshi: Dhana Potofu za Jukwaa Tunazokutana Nazo Bagamoyo

"Mwalimu, mwanangu kipaji anacho tangu mdogo. Sasa huko mnamfundisha nini tena?"

Mama mmoja wa Magomeni, hapa Bagamoyo, aliniuliza hivyo barazani kwake nilipokwenda kumwombea binti yake ruhusa ya kuja mazoezini. Hakuuliza kwa ubaya. Alinikaribisha mkekani, akanimiminia kahawa, akangoja jibu. Nafundisha kikundi kidogo cha vijana kuigiza, na hakuna swali ninaloulizwa mara nyingi kama hilo. Siku ile nilimjibu kwa ufupi mno. Hapa nalijibu kwa nafasi, pamoja na dhana nyingine zinazofanana nalo.

Dhana: "Mwigizaji huzaliwa, hafundishwi"

Kipaji kipo, sikatai. Yupo mtoto anayeiga kikohozi cha mjomba wake mpaka nyumba nzima ikajua anaigwa nani. Lakini anakohoa mara moja tu, sebuleni, mbele ya watu kumi wanaompenda. Jukwaani atatakiwa akohoe leo, kesho na keshokutwa, mbele ya watu mia tatu wasiomjua, wa nyuma kabisa wasikie, na papo hapo akumbuke kusimama pale taa inapompata. Kurudia jambo la jana likaonekana limezaliwa sasa hivi, hilo hakuna aliyezaliwa nalo.

Chukua sauti peke yake. Binti wa yule mama alikuja na sauti nzuri aliyoikuza kwenye kaswida za madrasa. Tulipotoka kufanya mazoezi ufukweni, upepo wa kusi ukivuma, akaona hasikiki, akaanza kupiga kelele. Siku ya tatu hakuwa na sauti. Wazee walishasema ngoma ikilia sana haikawii kupasuka, na kooni ndivyo ilivyo hasa: nyuzi za sauti zikigonganishwa kwa nguvu huvimba, na zikivimba hazikutani vizuri, sauti inakwaruza. Dawa yake si kelele kubwa zaidi. Tulimlaza chali, mkono juu ya tumbo, avute pumzi mpaka mkono unyanyuke huku mabega yametulia, kisha aitoe kidogo kidogo kwa kusema "sss" mpaka iishe. Chini ya mapafu kuna msuli mpana unaoitwa kiwambo. Ukijifunza kuutumia, pumzi inabeba neno na koo linapumzika. Wiki nzima hatukumpa hata mstari mmoja wa igizo. Alikasirika, na ninamwelewa.

Baada ya pumzi huja lugha yenyewe. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, nasi tumezoea kuziachia silabi za mwisho zife. Barazani haidhuru. Ukumbini, ukimeza mwisho wa neno, mtu wa nyuma hajui kama umesema "nimekuja" au "nimekujua". Na yapo maneno yanayogeuzwa maana na mkazo tu: "barabara" ya magari si "barabara" ya kukubali kwamba jambo limekaa sawasawa. Kijana anayesoma mswada kwa kuimba, kama anayeghani shairi darasani, huzisema zote mbili kwa namna moja.

Halafu kuna jambo ambalo watu hudhani ndilo uigizaji wote: hisia. Wanafunzi wapya hujikamua walie. Konstantin Stanislavski, mwigizaji wa Urusi aliyeshiriki kuanzisha Ukumbi wa Sanaa wa Moscow mwaka 1898, alikuwa tayari mwigizaji wa kusifika, lakini aliendelea kuchunguza namna ya kuigiza hadi alipofariki mwaka 1938. Swali moja alilotuachia nalitumia kila siku: huyu mhusika anataka nini sasa hivi? Simwambii kijana "lia". Namwambia: umeingia dukani kwa Mangi, nyumbani hakuna unga, deni la mwezi uliopita hujalipa, na yupo mteja mwingine anayekujua. Mfanye Mangi akukopeshe. Machozi yakija yenyewe, sawa. Mara nyingi anayelia ni anayetazama, kwa sababu amemwona mtu anayejizuia.

Dhana: "Chuo cha Bagamoyo ni cha ngoma tu"

Ngoma zipo, na fahari yake ipo. Lakini tuanze na historia. Baada ya uhuru taifa liliunda vikundi vyake vya sanaa, na katika miaka ya 1960 vijana walipelekwa China kujifunza sarakasi. Mwaka 1981 kikaanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na mwaka 2007 kikawa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa. Hufundishwa maigizo, ngoma, muziki, sarakasi, uchoraji, uchongaji na ufundi wa jukwaa, yaani taa, sauti na mandhari.

Lakini hata kama ingekuwa ngoma tu, mwigizaji angefaidika. Kucheza bugobogobo ya Wasukuma na jembe mkononi ni kujifunza kurusha kitu chenye makali, kukidaka, na kumtazama mwenzako wakati huohuo. Ukichelewa nusu pigo unamuumiza mtu. Hakuna zoezi la kumsikiliza mwigizaji mwenzako linalolipita hilo, na nimejaribu mengi. Sindimba ya Wamakonde huufundisha mwili kubeba uzito kiunoni, magoti yakiwa yamelegea. Mwigizaji aliyepita humo hasimami jukwaani kama mwanafunzi anayesubiri kuitwa jina.

Ebrahim Hussein alipoandika Kinjeketile, tamthiliya iliyotoka mwaka 1969 kuhusu Vita vya Majimaji, alimweka mbele yetu mtu aliyezama Rufiji na kutoka majini akizungumza akiwa amepandwa. Jaribu kuigiza kupandwa na mzimu kwa mdomo na mikono tu. Watu watacheka. Aliyewahi kukaa na ngoma mpaka ikampeleka anajua mwili unavyoanza kabla ya neno.

Dhana: "Maigizo yaliletwa na wazungu"

Hapa pana nusu ya ukweli. Ukumbi wenye pazia, tiketi, na mswada wa kukaririwa neno kwa neno vilipitia shule na klabu za wakoloni. Lakini kuigiza, mtu kuvaa uhusika wa mwingine mbele ya watu wanaojua kwamba anaigiza, kulikuwapo kwenye jando na unyago, kwenye majigambo ya Wahaya, na kwa mtambaji wa hadithi ambaye peke yake anakuwa sungura, fisi na kijiji kizima. Mwanzoni mwa karne ya 20 miji ya pwani, Tanga ikiwamo, ilikuwa na ngoma ya beni: watu wa mitaani wakivaa sare, wakijipa vyeo vya kijeshi, wakipiga gwaride mbele ya macho ya wakubwa wenyewe. Vikundi hasimu vya beni, Marini na Arinoti, vilishindana kwa maleba, nyimbo na utaratibu. Ukiniuliza mimi, hiyo ilikuwa sanaa ya maonyesho iliyokamilika, na inaniuma kuona wanafunzi wanamjua Shakespeare lakini beni hawajawahi hata kuisikia.

Hata huyo Shakespeare hakubaki Mwingereza kwetu. Mwalimu Nyerere alimtafsiri, Julius Caesar ikatoka kwa Kiswahili mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969.

Dhana: "Anayejua kamera anajua jukwaa"

Kamera inakufuata mpaka kwenye kope. Jukwaani ni wewe unayemfuata mtazamaji mpaka kiti cha mwisho. Filamu hupigwa vipande vipande, mwisho ukaweza kupigwa siku ya kwanza. Jukwaani unaanza mwanzo na hakuna wa kukwambia rudia. Wengi wanamkumbuka marehemu King Majuto kwa filamu. Huyo mtoto wa Tanga alianza kuchekesha jukwaani akiwa bado mdogo, mwishoni mwa miaka ya 1950. Ule muda wake wa kunyamaza kabla ya neno aliufundishwa na hadhira iliyokaa mbele yake.

Dhana: "Msichana wa jukwaani ameharibika"

Hii sina subira nayo. Penina Muhando na Amandina Lihamba waliandika tamthiliya, wakaongoza maonyesho na wakawa maprofesa wa sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kinachomharibia msichana ni mazoezi yasiyo na saa ya kuanza na kumaliza, na kiongozi wa kikundi asiyeulizwa na mtu. Mzazi aje, aketi, atazame. Mama yule alinipa sharti moja: binti awe nyumbani kabla ya Isha. Nalishika mpaka leo, kwa wote.

Dhana: "Jukwaa limekufa, halilipi"

Sitamdanganya mtu kwamba tiketi za tamthiliya zinajenga nyumba Bagamoyo. Lakini jukwaa halijafa, limehama na kugawanyika. Tamasha la sanaa la chuo linajaza mji tangu miaka ya 1980. Miaka hiyohiyo walimu wa Chuo Kikuu, Penina Muhando akiwamo, walifanya kazi katika kijiji cha Msoga, wakati ule wilaya ya Bagamoyo: wanakijiji walitaja matatizo yao wenyewe, wakayatungia maigizo na ngoma, kisha wakaketi kuyajadili. Njia hiyo inatumika hadi leo kwenye kazi za afya na mazingira, na inataka mwigizaji anayeweza kuacha mswada pale mtazamaji anaposimama na kusema, "Hapana, kwetu haiwi hivyo."

Ipo na kazi mpya ya sauti. Mwaka 2011 TBC ilirusha tamthilia ya Kichina, Doudou na Mama Wakwe Zake, ikizungumza Kiswahili, na tangu hapo tamthilia za nje zenye sauti za Kiswahili zimejaa kwenye televisheni zetu. Anayeingiza sauti hana uso wala mikono ya kumsaidia. Ana pumzi, ana mkazo wa neno, na ana sekunde chache kabla mdomo wa yule wa kwenye skrini haujafunga.

Usiku wa onyesho letu mama yule alikuja. Kiti cha mbele alichowekewa alikikataa, akaenda kusimama nyuma kabisa, jirani na jenereta la muuza chipsi. Binti yake alipomaliza, nilimwona akimgeukia jirani yake kumwambia kitu huku ameinua vidole viwili. Baadaye nikamuuliza alikuwa akihesabu nini.

"Mara mbili tu ndiyo sikumsikia," akasema. "Kesho mwambie aongeze pumzi."