Je, wajua kwa nini gari huchemsha kwenye foleni, likikimbia linatulia?

Umekwama Ubungo nyuma ya daladala, kiyoyozi kinapuliza hewa ya uvuguvugu, na mshale wa joto unaanza kupanda. Foleni inafunguka, unakanyaga mafuta kuelekea Kimara, na hujafika mbali mshale umesharudi mahali pake. Wengi tunamshukuru Mungu na kusahau. Kumbe gari limeshakwambia linaumwa wapi.

Nguvu ya mafuta yanayoungua kwenye injini, theluthi moja hivi tu ndiyo inayogeuka kuwa nguvu ya kuzungusha injini. Theluthi nyingine inatoka na moshi, na kiasi kama hicho kinabebwa na maji. Wota pampu inayazungusha ndani ya injini, yanakusanya joto, yanaingia kwenye rejeta, yanapoa, yanarudi. Lakini rejeta bila upepo ni bati tu. Ukiwa kwenye mwendo wa 80 kwa saa, upepo unauleta mwenyewe kwa kukimbia. Ukisimama, unabaki na feni.

Kwa hiyo gari likichemsha kwenye foleni na kutulia barabarani, anza na feni. Likichemsha kwenye mwendo mrefu au kwenye kilima kama Kitonga, angalia maji: yamepungua, hayazunguki, au rejeta imeziba. Na likichemsha dakika chache tu baada ya kuliwasha asubuhi, uwanjani kwako, shuku ukosefu wa maji au themostati (mlango unaoruhusu maji kwenda kwenye rejeta) iliyojifunga.

Feni ya umeme unaipima bila kuchafua mikono. Washa injini, washa kiyoyozi, fungua boneti usikilize. Kwenye magari mengi itaanza kuzunguka baada ya sekunde chache. Ikikaa kimya, kagua fyuzi yake, kisha rilei, yaani swichi ndogo inayoipelekea umeme. Katika kisanduku hichohicho mara nyingi kuna rilei nyingine yenye namba zilezile. Zibadilishane uone kama feni itaamka. Ikiamka kwa kiyoyozi lakini injini ikipata moto haizunguki, shuku sensa ya joto au waya zake. Vidole viweke mbali, kwa sababu kwenye baadhi ya magari feni hujiwasha hata ufunguo ukiwa umezimwa.

Mimi sikujua hayo wakati gari langu lilipoanza mchezo huo. Fundi alisikiliza nusu ya maelezo yangu, akafungua boliti mbili, akatoa themostati na kunikabidhi mkononi. “Hii ni ya nchi za baridi, bosi. Huku kwetu haina kazi.” Nililipa. Wiki iliyofuata likachemsha tena palepale kwenye foleni. Ubovu ulikuwa rilei ya feni.

Usemi huo wa “nchi za baridi” umeenea gereji nyingi, na hauna ukweli. Themostati ni mlango wenye nta ndani yake. Maji yakiwa ya baridi mlango umefungwa ili injini ipate joto upesi. Yakifika digrii 82 au 88, kutegemea ilivyoandikwa, nta inayeyuka, inatanuka na kuusukuma mlango. Bila hiyo injini inachelewa kupata joto lake la kazi na inakula mafuta zaidi. Isitoshe, kwenye injini nyingi themostati ina visahani viwili: kimoja kinafungua njia ya rejeta huku kingine kikiziba njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupozwa. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote, na gari linaweza kuchemsha kuliko mwanzo.

Kuipima ni kazi ya jikoni. Ifunge uzi, ining'inize ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, bandika jikoni. Ikiwa nzima, maji yakikaribia kuchemka utaiona inafunguka taratibu, na ukiitoa itajifunga. Maji yakitokota na yenyewe imejikunyata, tupa.

Mfuniko wa rejeta nao watu huudharau. Kazi yake ni kubana maji yasichemke mapema. Mfuniko ulioandikwa 1.1 unayafanya yavumilie hadi digrii 120 hivi. Sasa fikiria uko Mbeya, karibu mita 1,700 juu ya bahari, ambako maji ya sufuria huchemka kwenye digrii 94 hivi, na injini yenyewe inafanya kazi kwenye 90. Mpira wa mfuniko ukichoka, huna nafasi ya kupumua. Ndiyo maana pia hufungui mfuniko injini ikiwa ya moto: ukilegea tu, maji yanageuka mvuke papo hapo na kukurukia usoni. Subiri angalau nusu saa, tumia kitambaa kinene, na usimwage maji baridi kwenye injini iliyopata moto sana. Chuma kinaweza kupasuka.

Kama uko barabarani na huwezi kusimama mara moja, zima kiyoyozi, washa hita mpaka mwisho na ufungue madirisha. Utaiva, lakini hita ni rejeta ndogo na inapunguza joto. Pia usiuamini sana mshale. Maji yakiisha kabisa, sensa inabaki ikipima hewa, na mshale unaweza kushuka wakati injini inaungua.

Rejeta iliyoziba kwa nje, kwa matope, wadudu na mifuko ya plastiki, ioshe kwa mpira wa bustani, maji yakitoka upande wa injini kwenda mbele. Mashine ya kuoshea magari inalaza mapezi yake. Kuziba kwa ndani mara nyingi ni deni la miaka ya kujaza maji ya kisima yenye chumvi. Kulanti, yaani maji maalumu ya rejeta, si ya baridi tu, inazuia kutu, ila ina utamu na ni sumu, kwa hiyo isiachwe wazi watoto na mbwa wanapopita.

Kuna hali moja ambayo hutaimaliza nyumbani. Injini ikiwa ya baridi fungua mfuniko, iwashe, tazama maji. Mapovu yakitoka mfululizo bila kukoma, au kijiti cha oili kikitoka na rangi ya chai ya maziwa, huenda gasketi ya silinda hedi (kizibo kati ya injini na kichwa chake) imekwenda. Zima. Na atakayeifungua, mwambie hedi ipimwe kama imepinda kabla ya kufunga gasketi mpya, maana kwenye hedi iliyopinda hata mpya itavuja.