Setty na Setty si lazima wawe ukoo mmoja

Wengi huamini kwamba wafanyabiashara wa Kitelugu wanaoitwa Setty au Gupta ni ukoo mmoja. Ni rahisi kudhani hivyo, maana kwingi jina la mwisho ndilo la ukoo.

Kwa Wakomati, yaani jamii ya wafanyabiashara hao katika majimbo ya Andhra Pradesh na Telangana, kusini mwa India, Setty ni cheo cha mfanyabiashara. Gupta nalo hutumiwa pia na wafanyabiashara wa kaskazini mwa India wasio na undugu nao. Jina la familia ni "intiperu", yaani jina la nyumba, na hutangulia. Mara nyingi hubaki herufi moja tu mwanzoni.

Ukoo wenyewe ni "gotra". Mapokeo yao yanataja 102, yakizihusisha na mji wa Penugonda na Vasavi, mungu wao wa kike. Mtoto hufuata gotra ya baba, na wa gotra moja hawaoani. Lakini binti wa mjomba ameruhusiwa tangu zamani, tena akipendelewa: mjomba ni wa gotra nyingine. (Pwani yetu haitashangaa.)

Ukipata kadi ya harusi yao, tazama gotra. Mara nyingi huandikwa za pande zote mbili. Setty kwa Setty, gotra mbalimbali.