Mwezi kuzaliwa si mwezi kuandama

Kila inapofika tarehe 29 Shaaban, Ramadhani ikisubiriwa, maneno ni yale yale: "Wanasayansi wameshasema mwezi unazaliwa leo saa fulani na dakika fulani, masheikh wanatoa macho magharibi kutafuta nini?" Kisha inatolewa hukumu kwamba dini inaogopa sayansi. Tatizo ni kwamba hapo vimechanganywa vitu viwili.

Mwandamo ni kuonekana kwa hilali, ule mwezi mchanga, baada ya jua kutua. Basi. Kuzaliwa kwa mwezi ni jambo linalotangulia: mwezi katika mzunguko wake unapita upande wa jua, na uso wake unaotuelekea unabaki giza tupu. Saa hiyo hauonekani kwa macho, uwe Pemba au kileleni Kilimanjaro.

Isipokuwa jua linapopatwa. Tarehe 1 Septemba 2016 watu walikusanyika Rujewa, mkoani Mbeya, wakaliona jua limekuwa pete. Lile duara jeusi la katikati ndilo mwezi ukizaliwa, karibu saa sita mchana, mbele ya kadamnasi. Jua lilipotua jioni ile, mwezi ulikuwa na umri wa saa sita na nusu hivi. Je, uliandama? Saudi Arabia haukuonekana. Wakakamilisha siku 30 za mwezi uliokuwa ukiisha, Dhulhija (mwezi wa Hija) ikaanza tarehe 3, na Idi ya kuchinja ikawa tarehe 12. Tangu watu washuhudie mwezi ukizaliwa hadi Dhulhija kuanza ukapita usiku mzima na mchana wake.

Sababu yake ni ya kimaumbile. Mwezi hujitenga na jua kwa takriban nusu nyuzi kila saa, na mwanafalaki Mfaransa André Danjon alionyesha katika miaka ya 1930 kwamba ukiwa chini ya nyuzi 7 hivi kutoka kwenye jua, hilali haionekani. Kwa kawaida hizo ni saa kumi na kitu, na hapo bado hatujataja mawingu, vumbi, wala muda ambao mwezi unabaki juu ya upeo baada ya Magharibi. Kwa hiyo hesabu inakupa saa ya kuzaliwa kwa uhakika kabisa, lakini kuhusu kuandama inakwambia tu: haiwezekani, huenda, au bila shaka mbingu zikiwa safi. Hiyo "haiwezekani" ina uzito wake. Taqi al-Din al-Subki, mwanachuoni wa karne ya 14, alishasema kwamba ushahidi wa mtu aliyedai kuuona hukataliwa iwapo hesabu inaonyesha usingeweza kuonekana.

Ugomvi upo, sikatai, ila ni wa wanafiqhi, wanachuoni wa sheria ya dini, wenyewe kwa wenyewe. Mtume amesema tufunge kwa kuuona na tufungue kwa kuuona. Je, kuona ndiyo ibada yenyewe, au ni njia tu ya kujua? Ahmad Muhammad Shakir wa Misri, bingwa wa hadithi, alitetea hesabu mwaka 1939. Wengi hawakumfuata, ingawa (hili hunichekesha) huswali Alasiri kwa ratiba iliyopigwa hesabu za jua. Halafu liko swali la kufuata mwandamo wa mji gani. Kuraib, mtumwa aliyeachwa huru na Ibn Abbas, alipotoka Sham (Syria) akaeleza kwamba kule waliuona usiku wa kuamkia Ijumaa, Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, alimjibu kuwa Madina waliuona usiku wa kuamkia Jumamosi, nao wataendelea na mwandamo wao. Kama Lamu ifuate Makka au isifuate, hakuna darubini itakayojibu.

Basi simu ikikuandikia kwamba mwezi umezaliwa saa tano asubuhi, usitangaze kuwa umeandama. Uliza kwanza: jua likitua hapa kwetu, utakuwa na saa ngapi, umejitenga na jua nyuzi ngapi, na utakaa dakika ngapi kabla haujatua nao?