Mstari Unaopanda Kwenye Grafu Si Mlima
Wanafunzi wengi, na hata baadhi yetu tunaowafundisha, huidhania grafu kuwa picha ya barabara, hivyo mstari ukipanda husema basi linapanda mlima. Sivyo. Tuchukue basi litokalo Mtwara kwenda Lindi, muda ukiwa kwenye mhimili mlalo na umbali kutoka Mtwara kwenye mhimili wima: mstari hupanda hata basi likiteremka bondeni, kwa kuwa kinachoongezeka ni kilometa. Likisimama Mingoyo dakika 10 abiria wanunue korosho, mstari hulala. Iwapo baada ya saa 1 limefika kilometa 30, na baada ya saa 2 kilometa 80, mwendo wa wastani kati ya nukta hizo ni kilometa 50 kwa saa. Ndiyo maana humtaka mwanafunzi asome mihimili kwa sauti kabla hajashika kalamu.