Sheria ya "kupata habari" si lazima ikuletee uhuru wa habari

Watu wengi wanadhani nchi ikishapitisha sheria yenye jina zuri la haki ya kupata habari basi waandishi wako huru, kazi imeisha. Jamani si hivyo kabisa, na mfano mzuri ni Zimbabwe.

Mwaka 2002 walipitisha sheria iliyoitwa AIPPA, jina lake linazungumzia kupata habari na kulinda faragha, ukisikia tu unasema hawa wamefunguka. Ukiisoma sasa ndani, unakuta gazeti lazima lisajiliwe na tume ya serikali, mwandishi lazima awe na kibali, na akifanya kazi bila kibali anaweza kufungwa jela. Septemba 2003 gazeti la Daily News, ambalo lilikuwa la binafsi na watu walilisoma sana, likafungwa kwa sababu halikusajiliwa chini ya hiyo hiyo sheria, waandishi wakabaki bila kazi na wasomaji wakapoteza upande mwingine wa stori waliokuwa wanausoma kila siku. Hiyo inauma mpaka leo.

AIPPA ilikuja kufutwa 2020, ikaja sheria mpya ya uhuru wa habari. Ni hatua, sikatai. Ila vibali vya waandishi bado vipo chini ya tume ya habari.

Kwa hiyo ukisikia mageuzi usiangalie jina, angalia nani anatoa leseni, nani anateua tume, na ukinyimwa taarifa unakata rufaa wapi.